Microsoft Safety Scanner na mnyoo wa flashi: anauawa, lakini kazi haijaisha

Kwa mtu ambaye kompyuta yake imeingiliwa na mnyoo (programu hasidi inayojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine) kupitia flashi, Microsoft Safety Scanner ni programu ya bure ninayoipendekeza kabla ya kumlipa fundi yeyote, ila kwa sharti moja: ajue mapema kwamba itamwondoa mnyoo bila kumrudishia mafaili yaliyofichwa. Sharti hili si dogo. Wengi humaliza kusafisha kompyuta, wakichomeka flashi hawaoni folda zao, wanaamini kwamba zimefutwa, kisha wanaifomati flashi kwa hasira, na hapo ndipo kazi yao inapopotea kweli.

Kompyuta niliyoitumia kuipima ni ya ofisi ndogo yenye Windows 10, na mnyoo aliingia na flashi iliyotoka kuchapishiwa barua katika steshenari moja ya mtaani. Kwenye flashi hiyo folda zote zilionekana zipo, kwa majina yaleyale, isipokuwa kila moja ilikuwa na kishale kidogo kwenye kona ya picha yake na ukubwa wa KB 2 tu. Zilikuwa njia za mkato (shortcut), yaani vielekezo vidogo vya kufungulia kitu kilicho mahali pengine. Ukizifungua sifa zake (Properties), utaona kwamba mstari unaopaswa kutaja mahali folda ilipo unaanza na cmd.exe, programu ya Windows ya kupokea amri, unafuatiwa na amri ya kumwita wscript.exe, programu ya Windows ya kuendesha hati za amri (script), asome hati ya aina hiyo, faili la VBS, lililofichwa humohumo kwenye flashi, kisha amri nyingine ya kuifungua folda halisi. Hiyo amri ya mwisho ndiyo ujanja wenyewe, kwa kuwa mtumiaji anabofya, folda inafunguka kama kawaida, anaendelea na shughuli zake, na wakati huohuo mnyoo ameshajinakili kwenye kompyuta na anasubiri flashi ijayo.

Zamani hakukuwa na haja ya kumhadaa mtu kiasi hicho. Mnyoo Conficker, aliyegunduliwa Novemba 2008, alisambaa kwenye mtandao kupitia tundu (udhaifu wa kiusalama) la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imeshalitolea kiraka, yaani sasisho la kuliziba, tarehe 23 Oktoba mwaka huohuo, na toleo lake lililofuata likaongeza njia ya flashi kwa kutumia faili la autorun.inf, linaloiambia Windows programu ya kuanzisha flashi inapochomekwa. Microsoft ilipozuia programu za kwenye flashi kujiendesha zenyewe, kwanza katika Windows 7 na baadaye, mwaka 2011, kwa sasisho la XP na Vista, waundaji wa minyoo walihamia kwenye njia za mkato, ambazo hazihitaji tundu lolote katika mfumo. Zinahitaji tu mtu mwenye haraka ya kufungua faili lake.

Programu yenyewe ni faili moja, msert.exe, lenye zaidi ya MB 100, kwa hiyo mwenye bando dogo ajipange. Haisakinishwi, jambo linaloiwezesha kufanya kazi bila kugombana na programu nyingine ya kuzuia virusi iliyopo. Siku 10 baada ya kupakuliwa inakuwa imekwisha muda wake na inabidi kupakuliwa upya. Watu hulalamikia kikomo hiki, lakini kwangu mimi kina mantiki, kwa sababu orodha yake ya virusi imo ndani ya faili hilohilo na orodha iliyochakaa humpa mtu matumaini ya bure. Lililo gumu zaidi ni kuipata wakati kompyuta imeshaingiliwa. Conficker, kwa mfano, huzuia kivinjari kisifike kwenye tovuti yenye neno microsoft au majina ya kampuni za usalama, na kwa hali hiyo hakuna njia isipokuwa kuipakua kwenye kompyuta nyingine iliyo salama. Ni vyema kuisafirisha kwa CD iliyochomwa na kufungwa, au kwa kadi ya SD yenye kitelezi cha kuzuia uandishi, maana flashi ya kawaida ikichomekwa kwenye kompyuta yenye mnyoo itaambukizwa kabla hata programu haijafunguka.

Ikishafunguliwa hutoa machaguo matatu: ukaguzi wa haraka, ukaguzi kamili, na ukaguzi wa folda utakayoitaja mwenyewe. Ule wa haraka unatosha mara nyingi kumnasa mnyoo aliye kwenye kumbukumbu na katika maeneo ya kuanzia, lakini flashi inahitaji ukaguzi wa kutajwa. Ukaguzi kamili ni mrefu mno kwenye diski za zamani na ni afadhali kuuacha uendelee usiku. Kuna kasoro moja ambayo Microsoft ingepaswa kuirekebisha zamani: ukaguzi unapoendelea, dirisha huonyesha idadi ya mafaili yaliyoambukizwa, na idadi hiyo inaweza kupanda na kumtisha mtu, kisha mwishoni programu ikatangaza kwamba haikukuta chochote. Namba ile ni ya mafaili yaliyotiliwa shaka njiani, ambayo baadaye huhakikiwa na kuachiliwa. Jibu la kweli limo katika faili la C:\Windows\debug\msert.log, ambalo hutaja jina la kilichokutwa, mahali kilipokuwa na hatua iliyochukuliwa. Mtu asome hilo, aachane na namba za dirishani.

Kwenye kompyuta yetu ilimtambua mnyoo na kumfuta, yule wa kwenye flashi na nakala yake iliyokuwa imejificha ndani ya folda ya AppData. Hapo ninaipa alama za juu. Hata hivyo, kompyuta ilipowashwa upya, Windows ilitoa ujumbe kwamba haikuweza kulipata faili la hati ya amri (script) lililoitwa. Ujumbe huo si dalili kwamba mnyoo angalipo. Maana yake ni kwamba agizo la kumwamsha kila kompyuta inapowaka lilibaki kwenye mipangilio, ingawa mwenyewe ameshaondolewa. Agizo hilo hupatikana kwenye kichupo cha programu za kuanzia ndani ya Task Manager, au kwa programu ya Autoruns, ambayo pia ni ya bure na ya Microsoft, na ambayo huonyesha hata kazi zilizoratibiwa ambazo Task Manager haizitaji. Sioni sababu ya programu ya kusafisha kumwachia mtumiaji wa kawaida kibarua hiki.

Kisha yabaki mafaili. Mnyoo hakuyafuta, aliyapa alama mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, ndiyo maana hata ukiruhusu vitu vilivyofichwa vionekane, bado huvioni mpaka uondoe na tiki ya kuficha mafaili ya mfumo. Safety Scanner haizigusi alama hizo. Ikiwa flashi imepewa herufi E, dirisha la amri (Command Prompt) hufunguliwa na kuandikwa

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

na folda zote hurudi palepale zilipokuwa, baada ya hapo njia za mkato zilizobaki hufutwa kwa mkono. Mpangilio wa hatua ni lazima uzingatiwe, kwa sababu ukiisafisha flashi ilhali wscript.exe bado anakimbia kwenye kompyuta, folda zitafichwa tena mbele ya macho yako. Mafundi kadhaa ninaowafahamu huanza na flashi, hushindwa, kisha humshauri mteja kufomati na kumtoza kwa ushauri huo.

Mnyoo akigoma kufutwa Windows ikiwa inaendelea kufanya kazi, Microsoft Defender Offline ni bora kuliko Safety Scanner. Imo tayari ndani ya Windows 10 na 11, huizima Windows na kukagua kabla haijapanda, na kwa kawaida humaliza kwa takriban dakika 15. Kwa maabara ya shule au ofisi yenye kompyuta zilizounganishwa, zote mbili hazifai kutumiwa kwenye mashine mojamoja huku nyaya za mtandao zikiwa zimechomekwa. WannaCry, mnyoo aliyefunga mafaili ya watu na kudai fidia, alipozuka Mei 2017, alipita kwenye tundu lililokuwa limetolewa kiraka Machi mwaka huohuo, na mnyoo wa aina hiyo humrudia jirani aliyesafishwa bila kuhitaji flashi wala kubofya. Kompyuta zote zitenganishwe, kila moja isafishwe na kuwekewa viraka, ndipo ziunganishwe tena.

Iwapo msert.log itataja jina la mnyoo Gamarue, nisingeishia kwenye programu hii hata kidogo. Huyo kazi yake kubwa ni kuvuta programu nyingine hasidi, na ukaguzi safi hauthibitishi kwamba wageni wake wote wameondoka. Mashine ya namna hiyo hunakiliwa nyaraka zake pekee, Windows ikasakinishwa upya, na nywila za barua pepe na benki zikabadilishwa kutoka kwenye kifaa kingine.