Kresenti za kopo Marekani: ipi ubebe, ipi uache

Tulioko Marekani tunalijua lile kopo la kresenti, vile vimkate laini vya umbo la mwezi mchanga, kopo la karatasi ngumu kwenye friji ya supamaketi, karibu na siagi, ukiligandamiza kijiko kwenye mshono linapasuka po! ndani unga ushakandwa, ushakatwa pembetatu nane, kazi yako kukunja tu kuanzia upande mpana hadi nchani halafu oveni. Wageni wakibisha hodi ghafla au futari imekukaba, ni mkombozi. Ila jiulize kwanza unaenda kupika nini nalo, maana hapo ndo hela zinapotea.

Namba moja kwangu ni Pillsbury ya kawaida ya aunsi 8. Inakunjika bila kuchanika na kwa nyuzi 375 za Fahrenheit (kama 190 za Selsiasi) dakika kumi hivi ishapiga rangi. Jua tu haina hamira, inaumuliwa na beking pauda, na mafuta yake ni ya mimea, so usitegemee ladha ya kroasanti, vile vimkate vya siagi vya Ufaransa.

Kama ni pai za nyama au soseji za kuviringisha, chukua ile yao ya shiti nzima isiyokatwa. Hizi za pembetatu zina mistari ya kuchania, na nyama ya kusaga ikiwa na mchuzi inapenya humo humo, inavuja, trei inaungua. Ukikosa shiti bana mistari kwa vidole mpaka ishikane, na nyama iwe imekauka na imepoa kabisa, ikiwa ya moto inalainisha unga unakuchanikia mkononi.

Ya pili ni za duka lenyewe, Great Value ya Walmart au Bake House Creations ya Aldi. Kwa chai ya asubuhi ya watoto na jemu juu sioni kwanini uongeze hela.

Ya tatu Annie's, ya oganiki, kama bado unaikuta dukani, kwa anayejali hilo ni nzuri ila bei inapanda, na ujue General Mills waliinunua 2014, hao hao wenye Pillsbury, usilipie ukidhani unainua kampuni ndogo.

Anayetaka siagi yenyewe aachane na makopo, aende Trader Joe's upande wa friza achukue kroasanti zilizoganda, unaziacha nje usiku kucha ziumuke, asubuhi unaoka. Wakwe wakija mi nawapa hizo.

Wanaoangalia halali, someni viungo kila mara, hasa monogliseridi na digliseridi, zinaweza kutoka kwa mimea au wanyama, na kopo lisiposema waulizeni kampuni.

Dukani shika kopo, liwe baridi kabisa, soma tarehe, lililobonyea au linalovuja acha hapo hapo. Nyumbani liende friji moja kwa moja na usilifungue mpaka oveni iwe ishapata moto, maana unga ukishapata joto unanata na kunyooka ovyo, pembetatu hazibanduki tena.