Uzoefu wangu: walihamisha kanda zangu za katuni, wakafuta michoro

Nilijiambia nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Duka hili linahamisha kanda za VHS kuwa faili za dijitali. Ni wepesi wa kazi, na kama una kanda ya harusi au mahafali pengine watakufaa. Kwa filamu za zamani za katuni, usithubutu. Nilipeleka katoni nzima, mkusanyiko wa miaka mingi, kwa sababu deki yangu inasuasua na deki mpya hazitengenezwi tena. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikiziunda, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Mwenye kanda hana ujanja: ahamishe mapema, au akae akitazama picha inavyochakaa.

Faili la kwanza nililofungua, mwezi ulikuwa yai. Picha ya kanda hizi ni ya 4 kwa 3, wao wakaivuta mpaka ijaze kioo cha 16 kwa 9, kwa hiyo kila mhusika amenenepa kwa theluthi nzima. Hilo ningelimeza, maana programu ya kutazamia inaweza kuirudisha picha kwenye umbo lake. Kilichonichoma ni huo wanaouita usafi.

Wamepitisha kila kanda kwenye kichujio cha kuondoa chenga. Kichujio cha aina hii hulinganisha picha moja na inayofuata, na vitu vidogo vinavyobadilika haraka kinavihesabu kuwa chenga, kinavifuta. Sasa katuni iliyochorwa kwa mkono ni nini kama si mistari inayobadilika? Mara nyingi ni michoro 12 kwa kila sekunde, kila mmoja umepigwa picha mara mbili, na kila mchoro mtu ameukalia upya na penseli yake. Mstari hauwezi kutulia pale pale. Kutetemeka kwake ndiko kunakokuambia kuna mkono nyuma yake.

Mwaka 1961, kwenye One Hundred and One Dalmatians, studio ya Disney ilitumia mashine ya kunakilia kuhamisha penseli ya mchoraji moja kwa moja kwenye plastiki angavu, badala ya kuipitia upya kwa wino. Ndiyo maana katuni zao za miaka iliyofuata zina mistari mikavu, yenye vinyweleo, hata ya rasimu utaiona imebaki pembeni ya shavu au mkono. VHS ni picha hafifu, najua, lakini kwenye kanda zangu vinyweleo hivyo vilikuwa vikionekana. Kwenye faili lao, mhusika akikimbia mstari wa mgongo unayeyuka, akisimama unarudi. Akikimbia tena, haupo. Nimetazama kipande hicho mara nyingi kuliko inavyonifaa, na kila mara damu inachemka.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta hakuvua hata vipokea sauti masikioni. Akatazama sekunde chache, akasema, "Mzee wangu, si katuni tu hizi? Mtoto hataona tofauti." Nikamwambia hakuna mtoto, ni zangu. Akageuka kumwita mwenzake: "Njoo umwone mzee wa katuni." Wakacheka, mimi nimesimama pale na katoni yangu mkononi.

Niwape haki yao, kuna kanda moja iliyokuwa na kuvu, ule unga mweupe unaouona kwenye ukingo wa mkanda ukichungulia kidirishani. Nilishaikatia tamaa. Fundi wao aliifungua, akausafisha mkanda, na sauti imetoka safi tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kazi ile nilitaka kuwapa nyota tatu, kwa kweli.

Lakini nilipoomba nakala ghafi, kama picha ilivyotoka kwenye deki kabla ya kuchujwa, nikajibiwa zimeshafutwa, nilipe upya na kanda zipite tena kwenye mashine. Kanda hizi ni za miongo! Kila zikizungushwa zinasuguliwa na vichwa vya deki, na siku deki ikiutafuna mkanda, sehemu iliyokunjamana haiponi. Juu ya hayo wamebandika stika zao kwenye makava, na gundi imeng'oka na rangi.

Kama huna pengine pa kupeleka, waandikie kwenye risiti kabla hujaacha kitu: msivute picha, msichuje, msifute nakala ghafi. Wakisita, beba kanda zako uondoke. Nyota moja, na hiyo ni ya fundi aliyesafisha kuvu. Wa kaunta hana chake hapo.