Nimebadilisha injini ya ndege yangu ndogo ya rimoti kutoka glo (plagi ya waya unaowaka, inayotumia methanoli) kwenda petroli, uzoefu wangu

Injini yenyewe ni ya stroki nne, cc 20, nilichoka kuilisha methanoli na kufuta mafuta kwenye mabawa kila nikitua, ndo nikanunua kiti, yaani seti ya vifaa vya kubadilishia: boksi la CDI (linalotengeneza umeme wa cheche), sensa, kisumaku na plagi ya cheche yenye uzi uleule wa plagi ya glo. Umeme nilidhani ndo utanitesa kumbe wala, unatoboa kile kipande kinachokaa nyuma ya propela unagandisha sumaku kwa epoksi, unapanga sensa isome kama digrii 28 kabla pistoni haijafika juu, basi. Ila sumaku ina upande wake bana, mi niligeuza nikakaa jioni nzima sina hata cheche moja, alafu maelekezo ya kiti hayasemi kitu kuhusu hilo, hapo wamenikera.

Shida yenyewe iko kwenye kabureta. Petroli inatakiwa kidogo sana ukilinganisha na methanoli, kwa hewa ileile ni chini ya nusu, sasa ile sindano ya zamani inayopima mafuta ukiigusa tu mchanganyiko umeharibika. Wiki mbili nimehangaika, chini inatulia vizuri nikivuta gesi inakohoa, nikirekebisha juu basi chini inazima. Mwisho nikafunga sindano nyembamba zaidi na ikatulia siku hiyohiyo, yaani ingekuja ndani ya kiti ningewapa nyota zote.

Mipira ya silikoni ya kupitishia mafuta toeni yote, petroli inaivimbisha na kuilainisha, pamoja na kile kizibo cha tangi, mi kizibo nilikisahau kikavujia ndani ya bodi. Oili nachanganya 20 kwa 1, yaani mililita 50 kwa lita, wenye injini za petroli za kiwandani wanaweka oili pungufu ya hapo lakini hii yangu iliundwa kwa mafuta yenye oili nyingi na siwezi kuhatarisha beringi. Na joto lipo, methanoli ilikuwa inaipoza yenyewe, sasa hivi nimeongeza tundu la kutolea hewa kwenye kava.

Boksi la CDI nimeliweka mbali na risiva (inayopokea mawimbi ya rimoti) na lina betri yake na swichi yake. Kuwasha natumia stata, kidole hapana, ilishanipiga kinyumenyume mara moja ikanitosha.

Nguvu imepungua kidogo, nimeisikia wakati wa kupanda wima. Lakini tangi lililokuwa linanipa dakika 10 sasa naruka 18 na bado natua na akiba, na ndege inafutwa kwa kitambaa mara moja tu. Kwa cc 15 kupanda juu fanya, vile vijiinjini vidogo viache na glo yake, uzito wa betri na boksi utakula faida yote. Kiti naipa nyota 3 kati ya 5, moja nimekata kwa sindano, nyingine kwa ile jioni ya sumaku.