Praima ya plastiki kwenye vipande vya ndani vya IST: miezi 8 na rangi haijabambuka

Rangi ya kwanza ilidumu siku 19. Kabla ya Idi nilimpelekea fundi mmoja vipande vya ndani vya gari langu, Toyota IST, avipulize rangi: fremu ya redio na vile vipande vya milangoni vinavyoshika swichi za vioo. Vilikuwa vya kijivu, vimepauka na kuchubuka, nikataka viwe vyeusi visivyong'aa. Siku ya kuvichukua vilipendeza kweli. Idi pili tukiwa njiani kutoka Chake kwenda Wete kuwaamkia wazee, binti yangu aliyekaa mbele akakwangua ukingo wa swichi kwa ukucha, rangi ikatoka utepe mzima kama ganda la kitunguu. "Baba, gari linatoka ngozi!" Nikasimamisha gari nikatazama. Plastiki chini yake ilikuwa safi, haina hata doa jeusi. Rangi haikuwahi kushika hata siku moja, ilikuwa imelala tu juu.

Nilirudi kwa fundi, na aliniambia ukweli: alifuta kwa tina (kile kiyeyusha rangi), akapiga praima ya bati, yaani tabaka la chini la kushikisha rangi, akapiga rangi. Kwa bodi ya gari ndivyo inavyofanywa. Kwa plastiki niliona mwenyewe matokeo, na fremu ya redio iliumia zaidi, kwa sababu tina iliilainisha na kitambaa kikaacha michirizi ambayo nimehangaika nayo sana kuiondoa kwa msasa.

Jambo lililonifungua macho ni kugeuza vipande nikatazama mgongoni. Kuna maandishi madogo yaliyofinyangwa kwenye plastiki yenyewe. Fremu ya redio iliandikwa ABS, aina ya plastiki ngumu. Vipande vya milango viliandikwa PP-T20, yaani polipropilini iliyochanganywa na unga wa talki asilimia 20. Hizi ni plastiki mbili zenye tabia tofauti kabisa. ABS ukiikwangua kwa msasa na kuisafisha vizuri, inakubali rangi bila matata, ila inaogopa tina kali. PP haiogopi tina, lakini uso wake ni kama umepakwa nta, hakuna kinachotaka kuung'ang'ania. Ndiyo plastiki ya vile viti tunavyokodi kwa maharusi. Umeshaona jina la mwenye viti lililoandikwa kwa rangi mgongoni linavyofutika? Ndiyo habari hiyo hiyo.

Kuna wanaopima kwa kutia kipande kwenye ndoo ya maji: kikielea ni PP, kikizama ni ABS. Kwa PP tupu ni kweli, lakini yenye talki ya kiasi hicho ni nzito na inaweza kuzama pia. Vyangu vilizama. Soma maandishi.

Dawa ya PP ni kopo la kupuliza lisilo na rangi, limeandikwa "adhesion promoter", yaani dawa ya kushikisha rangi. Hapa Pemba sikulipata, niliagiza Unguja likaja kwa boti nikalipokea Mkoani. Kopo la mililita 400 lilinigharimu shilingi 24,000, ghali kuliko rangi yenyewe. Tahadhari: maduka mengi ukiomba praima ya plastiki wanakupa kopo la kijivu. Ligeuze usome nyuma. Kama halitaji PP au polipropilini, huenda ni la ABS na jamaa zake tu, na kwa milango yangu lisingefaa kitu.

Sasa kuosha, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kupuliza. Vijana wanaoosha magari hupenda kupaka polishi ya dashibodi, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaomba. Polishi nyingi za aina hiyo zina silikoni. Mwagia maji kidogo utaona matone yanavyokimbia kama juu ya jani la jimbi. Ukipuliza rangi juu ya silikoni, inajikunja na kuacha vishimo vya duara, na hapo huna la kufanya ila kufuta kila kitu uanze upya. Niliosha kila kipande mara tatu kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, nikitumia mswaki wa zamani kwa sababu ile michoro ya ngozi kwenye plastiki ndimo mafuta yanamojificha. Raundi ya tatu nilisugua kwa dodoki la kijani mpaka mng'ao ukafa. Msasa mkali kwenye PP usijaribu, plastiki inatoa vinyuzi kama manyoya na havikatiki. ABS niliipiga msasa namba 600 kwa maji. Mwisho nikafuta vyote kwa spiriti, kila kipande na kitambaa chake kipya, na tangu hapo sikuvigusa kwa mkono mtupu.

Nilipuliza mwezi wa Julai, kipupwe, saa nne asubuhi umande ushakauka, uani, upande uliokingwa na upepo wa kusi. Saa ina maana yake. Kipande cha majaribio nilikipuliza jioni moja yenye unyevu, rangi ikapiga ukungu mweupe, kwa sababu kimiminika kinapokauka kinapoza uso na mvuke wa hewani unatua humo humo.

Dawa yenyewe ni nyepesi kama maji. Tabaka mbili nyembamba, usiloweshe. Kopo langu linataka rangi ifuate baada ya dakika 10, dawa ikiwa bado inanata kidogo, kwa hiyo kopo la rangi liwe limeshatikiswa na liko mkononi. Nikapiga nyeusi tabaka tatu nyembamba, dakika 10 baina ya moja na nyingine. Vaa maski na usifanye ndani ya nyumba, harufu ilikaa uani siku mbili.

Nikasubiri siku saba. Kisha nikachukua wembe, nikachora mgongoni mwa kipande cha mlango, ambako pia nilikuwa nimepuliza, mistari sita ya kwenda na sita ya kukata, milimita mbili mbili. Nikabandika tepu, nikaikandamiza kwa kucha, nikaivuta kwa nguvu. Miraba yote 25 ilibaki. Nikamwita binti yangu aje ajaribu na ukucha wake. Alikwangua mpaka akachoka.

Miezi 8 sasa gari inalala nje, inashinda juani sokoni Chake, na hakuna kilichobambuka. Kuna sehemu moja tu, mlango wa dereva, pete yangu inapogusa kila nikifunga. Pale rangi imelika taratibu, lakini ukingo wa doa umeshika, hauinuki ukiukwangua. Kwangu hiyo ndiyo tofauti yote na kazi ya kwanza.

Nikilaumu chochote kwenye kopo hili la dawa ni bei, na pua yake iliyotema matone mazito mara mbili mpaka nikaifuta kila baada ya mpulizo. Kwenye fremu ya redio, ambayo ni ABS, sioni kama ilinisaidia lolote, ningeokoa dawa. Kifuniko cha eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukinga ajali, sikukigusa na wala sikushauri, kile kimetengenezwa kipasuke kwa namna yake na rangi haina kazi pale.

Limebaki chini ya nusu kopo. Nimeliweka kivulini kwa ajili ya vipande vya buti, PP tupu kwa mujibu wa mgongo wake, masika yakishapita.