Tairi za Tyubulesi za Milimita 28: Mashindano Manne ya Mwanzo wa Msimu

Nimezitumia tairi hizi za baiskeli ya barabarani, zisizo na tyubu ndani, kwa wiki 10 za mwanzo wa msimu, katika mazoezi na katika mashindano manne, nikiwa mwendeshaji wa ridhaa mwenye kilo 68 ambaye hana fundi wala gari la msaada nyuma yake. Jina la kampuni iliyozitengeneza naliacha, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanahusu aina hii ya tairi kwa jumla, hasa dawa ya pancha inayomiminwa ndani yake.

Shindano la kwanza liliniendea vibaya, na kosa halikuwa la tairi. Kwa miaka mingi nilizoea kujaza psi 100 (psi ni kipimo cha msukumo wa hewa ndani ya tairi) kwenye tairi nyembamba za milimita 23, nami nikazijaza hizi psi 95, tena siku ya mvua. Kwenye kona ya kushuka, gurudumu la nyuma lilidunda juu ya lami iliyochakaa, likateleza kiasi cha shibiri moja, nikashika breki. Sikuanguka, ila kundi lilikwisha kunipita, na mtu akishatoka kwenye kinga ya migongo ya wenzake huupasua upepo peke yake hadi miguu imwishe. Sikuliona kundi tena. Tairi pana hubeba hewa nyingi zaidi, kwa hiyo haihitaji kujazwa sana, na ikijazwa kupita kiasi huruka juu ya kila kokoto badala ya kulimeza. Tangu siku hiyo najaza psi 68 mbele na psi 72 nyuma, na mvua ikinyesha napunguza psi 5 kila upande. Mwenye rimu zisizo na ukingo wa ndani wa kuikamata tairi asome kwanza maandishi yaliyo kwenye rimu, kwani nyingi za aina hiyo haziruhusu zaidi ya bar 5, yaani takriban psi 72.

Katika shindano la pili ndipo nilipoziamini. Tukiwa katikati ya safari nilisikia mlio mwembamba kutoka gurudumu la nyuma, na matone meupe ya dawa yakaanza kunirukia kwenye mashavu ya miguu. Nilikuwa nimekwisha kuinua mkono kuwaonya walio nyuma yangu mlio uliponyamaza wenyewe. Nilimaliza ndani ya kundi, na nyumbani nikakuta kipande cha kioo kimekaa ndani ya mpira, kimezungukwa na kidonda kilichokwisha kufunga. Kwa tyubu ya kawaida, shindano langu lingeishia pale pale.

La tatu ndilo lililonikasirisha. Chupa ya dawa ilidai kwamba dawa hudumu miezi sita, nami niliyaamini maandishi hayo. Katika wiki ya nane, baada ya siku nyingi za joto kali, nilipata tundu dogo kuliko lile la kwanza, lakini safari hii hewa ilitoka yote na nikalazimika kujitoa. Nilipoifungua tairi sikukuta hata tone. Palikuwa na utando mkavu uliokunjamana kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa. Ahadi ya namna hiyo haifai kuandikwa bila kutaja joto, kwa sababu mnunuzi huitegemea barabarani. Ushauri wangu ni kuikagua dawa kila baada ya wiki sita: litikise gurudumu karibu na sikio, na usiposikia maji yakicheza ndani, ongeza.

Niliongeza mililita 40 kila gurudumu kabla ya shindano la nne. Kilomita ya mwisho ilikuwa na kona kali ya kulia, na pale ambapo mwezi mmoja kabla ningeshika breki, niliilaza baiskeli nikaiachia, nikatoka kwenye kona nikiwa wa kumi na kumaliza wa nane. Sijawahi kufika juu hivyo.

Lawama yangu iliyobaki ni ya ufungaji. Pampu ya mguu haikutosha kuikalisha tairi kwenye rimu, ikabidi niazime pampu yenye tangi, na mpira wenyewe ulibana hata vidole vikaniuma siku mbili. Anayepanga kushindana mbali na nyumbani aubebe tyubu mmoja mfukoni, na ajifunze kuitoa tairi hiyo kwa mikono yake mwenyewe kabla ya siku ya shindano.