Gari la Kasi Lililotumika: Lipi la Kununua na Matairi Gani ya Kulivisha

Mtu anayetafuta gari la kasi lililotumika, awe Nairobi, Mombasa, Arusha au Dar es Salaam, kwa kawaida huanza kwa kuuliza nguvu farasi, kisha bei, na suala la matairi humjia siku ambayo gari limekwisha kutoka bandarini na mfuko umebaki mtupu. Utaratibu huo ndio unaoharibu ununuzi mwingi. Mwongozo huu umepanga magari matano kwa kutazama kwanza uimara wa injini na historia yake, pili upatikanaji wa spea, na tatu gharama ya matairi ambayo gari lenyewe linadai. Nguvu farasi zimewekwa mwisho, kwa sababu magari yote matano yanazo za kutosha kumtia mtu mtaroni.

Kabla ya kupenda gari lolote, mnunuzi ajue sheria ya nchi yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haina katazo la namna hiyo, lakini umri wa gari huongeza ushuru kiasi kwamba gari la bei nafuu mnadani Japani linaweza kuwa ghali kuliko jipya kidogo likifika Dar es Salaam. Kwa hiyo baadhi ya magari yaliyotajwa hapa Mkenya atayapata tu kwa mtu aliyekwisha kuyaendesha nchini, na hilo hubadilisha namna ya kuyakagua.

Nafasi ya kwanza naipa Toyota Mark X ya lita 3.5, ile ambayo namba yake ya chasisi huanza na GRX133, ingawa najua wapo watakaosema kwamba hilo ni gari la mhasibu. Lilitengenezwa kuanzia mwaka 2009 hadi 2019, lina silinda sita, halina turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), linasukumwa na magurudumu ya nyuma na linatoa nguvu farasi 318. Injini yake hutumia cheni badala ya mkanda wa taiming, na spea nyingi za bodi na za chini ya gari hulingana na za Mark X ya lita 2.5, ambayo imejaa kote, hivyo bushi au bolijointi haimsumbui mtu kuipata Kirinyaga Road wala Kariakoo. Wengi huchukua ile ya lita 2.5 kwa kudhani wanaokoa fedha, na hapo ndipo wanapokosea. Injini hiyo ndogo hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti kwenye vali za kuingizia hewa na kuziosha, na masizi hujijenga juu yake mpaka gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama. Ya lita 3.5 imewekewa njia mbili za petroli, moja ikipitia kwenye vali hizo, na tatizo hilo hulipata kwa nadra zaidi. Udhaifu wake ni mmoja unaostahili kutajwa: ikivishwa matairi duni, mkia huhama upesi kwenye lami yenye maji.

Ya pili ni Subaru WRX STI ya kizazi cha VAB, iliyouzwa Japani kuanzia mwaka 2014 hadi 2019, ikiwa na nguvu farasi 308, gia sita za mkono na magurudumu manne yanayovuta kwa pamoja. Kenya gari hili halihitaji utambulisho. Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Impreza, mwaka mmoja baada ya Tommi Mäkinen kushinda kwa Mitsubishi Lancer Evolution, na ubishi wa kambi hizo mbili haujaisha mpaka leo. Ningeliweka la kwanza kama ningekuwa na hakika kwamba mnunuzi atalipata likiwa kama lilivyotoka kiwandani, lakini nyingi zilizopo sokoni zimekwisha kuchezewa. Injini yake ilipangwa kwa petroli bora ya Japani, ambayo oktani yake, yaani kipimo cha kustahimili kulipuka mapema, hufikia 100. Mtu anapoongeza msukumo wa turbo kwenye kompyuta ya gari, kisha akalinywesha petroli ya kawaida ya hapa, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na pistoni ndizo zinazolipa deni hilo. Mwenye nalo atakuambia kwamba eksozi kubwa ni urembo tu. Mwombe akuonyeshe vifaa vya asili alivyovitoa. Asiyekuwa navyo, wala hamjui fundi aliyeipanga upya kompyuta, msamehe gari lake.

STI ikaguliwe ikiwa baridi, ikiwezekana asubuhi kabla haijawashwa. Weka kiganja juu ya boneti ili ujue kama mwenyewe ameipasha moto kabla hujafika, vuta kijiti cha oili utazame kiwango na rangi, kisha iwashwe huku wewe ukiwa umesimama upande wa mbele na si ndani ya gari. Mlio mwepesi unaotoweka baada ya muda mfupi unaweza kuvumiliwa, lakini mlio mzito wa kugonga unaopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini ni dalili ya bearingi za mkono wa pistoni, na injini ya namna hiyo haijadiliwi bei. Fundi apime mgandamizo wa silinda zote nne na akupe namba nne kwa maandishi, kwa sababu neno "iko sawa" halisaidii kitu silinda moja ikiwa imeachana mbali na wenzake. Mkanda wa taiming hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali hugongana na pistoni. Jambo la mwisho ni utambulisho: namba ya chasisi ya STI ya kizazi hiki huanza na VAB, na ile inayoanza na VAG ni WRX S4, gari zuri lenye nguvu farasi 300 na giaboksi ya otomatiki ya CVT isiyo na gia za hatua, ambalo baadhi ya wauzaji hulibandika nembo ya STI na kupandisha bei.

Toyota 86, pamoja na pacha wake Subaru BRZ, nimeiweka ya tatu. Ilitoka mwaka 2012 ikiwa na nguvu farasi 200 bila turbo, na kwa mtu anayetaka kujifunza kuendesha vizuri hakuna mwalimu bora kati ya haya matano, maana ni nyepesi na usukani wake unasema kweli. Yaliyotengenezwa mwaka 2012 na 2013 yaliitwa tena na watengenezaji mwaka 2018 kwa ajili ya springi za vali, kazi inayolazimu injini kushushwa, hivyo mnunuzi adai uthibitisho kwamba ilifanyika. Gari hili limekaa chini, na matuta ya mitaa yetu hayalihurumii.

Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha saba ni ya nne. Ni gari la kistaarabu, lina nguvu farasi 220, hubeba familia na mizigo, na giaboksi yake ya klachi mbili ni raha tupu, mradi oili yake iwe imebadilishwa kila kilomita 60,000. Kinacholishusha ni pampu ya maji na nyumba ya themostati za plastiki ambazo huvuja, pamoja na uchache wa mafundi wenye kompyuta sahihi ya kulisoma nje ya miji mikubwa.

Mitsubishi Lancer Evolution X imeangukia nafasi ya tano, na naandika hivyo nikijua nitachukiwa. Uzalishaji wake ulikoma katikati ya muongo uliopita, hivyo kwa Kenya mlango wa kuingiza umefungwa. Pampu inayoendesha mfumo wa kugawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma imekaa mahali panaporushiwa maji na tope, na kutu huila. Giaboksi yake ya klachi mbili huchemka ikitumikishwa, na kuitengeneza kunaweza kummaliza mtu. Anayelazimika kuwa nayo atafute yenye gia tano za mkono, na aingie chini ya gari kutazama pampu hiyo kwa macho yake.

Kwa gari linalotoka Japani moja kwa moja, karatasi ya mnada ndiyo shahidi wa kwanza. Daraja la 4 au 4.5 linafaa, la 3.5 linahitaji maelezo, na herufi R humaanisha gari lilipata ajali likatengenezwa. Katika mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Kilomita zilinganishwe na zile zilizoandikwa kwenye cheti cha kuuza gari nje ya Japani, kwa sababu kurudisha nyuma mita ni kazi ya dakika chache, ilhali cheti hicho hubeba kumbukumbu ya ukaguzi wa serikali. Iwapo gari limetoka sehemu za theluji kama Hokkaido, chunguza kutu ya chumvi chini yake.

Hayo yakiisha, twende kwenye matairi, na hapa naomba msomaji atenge si chini ya sehemu ya kumi ya bei ya gari kabla hajalipa. Magari mengi hufika yakiwa na matairi ya kufikishia tu. Mengine huja na matairi ya theluji, yenye neno STUDLESS ubavuni, ambayo mpira wake ni laini mno kwa joto la pwani na hulika haraka huku yakiyumba kwenye kona.

Chaguo la kwanza ni matairi mapya ya kasi ya kiangazi yanayojulikana kwa kushika barabara yenye maji, kama Michelin Pilot Sport 5, Continental SportContact 7 au Bridgestone Potenza Sport. Mvua ya masika inapoigeuza barabara kuwa mto, mifereji mipana ya tairi ndiyo inayotoa maji chini ya mpira, na tofauti kati ya tairi la namna hii na la bei ya kutupa huonekana kwenye breki ya ghafla. Chaguo la pili ni kundi la bei ya kati, mfano Yokohama Advan Fleva V701 au Hankook za jamii ya Ventus, ambalo kwa mmiliki wa Mark X au 86 anayeendesha kwa adabu linatosha kabisa. La tatu ni matairi mapya ya bei nafuu ya chapa zisizo na jina kubwa, nayo nayakubali kwa sharti moja tu, kwamba namba za ubavuni zifikie zile za kiwandani. La nne ni matairi ya mashindano yaliyo karibu na kipara tangu dukani, kama Toyo Proxes R888R. Ni ya uwanjani, si ya kwenda kazini wakati wa mvua. Matairi ya mtumba ndiyo ya mwisho, na kwa gari la kasi siyapendekezi hata kwa tairi la akiba, maana hakuna anayejua yaligonga nini huko yalikotoka.

Namba zenyewe si ngumu. STI nyingi za VAB huvaa 245/40R18, yaani upana wa milimita 245, ubavu wenye urefu wa asilimia 40 ya upana huo, na rimu ya inchi 18, na pale ubavuni ukikuta 97Y, 97 ni uwezo wa kubeba kilo 730 kwa kila tairi, na Y ni kasi ya kilomita 300 kwa saa. W ni 270, V ni 240, H ni 210. Herufi hiyo si ruhusa ya kukimbia, ni kipimo cha joto ambalo tairi linaweza kulistahimili, na ndiyo maana kushuka kutoka Y hadi H ni kosa hata kwa asiyepita kilomita 110. Tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT ni tarehe: 1824 ni wiki ya 18 ya mwaka 2024. Tairi lililozidi miaka miwili likiwa bado dukani liulizwe limekaa wapi, kwa kuwa yanayopangwa nje juani hupata nyufa nyembamba hata kabla hayajagusa lami.

Ukubwa wa rimu nao una hesabu yake. Ubavu wa 245/40R18 una urefu wa milimita 98, lakini STI za mwaka 2018 kuendelea zilizokuja na 245/35R19 zina milimita 86 tu, na milimita hizo 12 zilizopotea ndizo zingeikinga rimu na shimo. Mark X yenye 235/45R18 ina milimita 106, sababu nyingine ya kuiweka mbele. Anayetaka kushuka inchi moja kwenye STI ajaribishe kwanza rimu tupu kama inapita juu ya kalipa (vibanio vya breki) za Brembo.

Kwa magari yanayovuta magurudumu yote manne, matairi yanunuliwe manne kwa pamoja, chapa moja na mchoro mmoja. Subaru hutaka tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi robo inchi, kama milimita 6 hivi, kwa sababu tairi dogo huzunguka haraka zaidi na kuifanya difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ifanye kazi bila kupumzika hadi iungue. Mwenye gari la kusukuma nyuma anaweza kubadilisha mawili, na yaliyo mazima zaidi yakae nyuma.

Siku ya kufunga, hakikisha upande ulioandikwa OUTSIDE umetazama nje, magurudumu yafanyiwe balansi na alaimenti siku hiyo hiyo, na upepo ujazwe kwa kufuata kibandiko cha mlango wa dereva, matairi yakiwa baridi. Nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu na si kwa bunduki ya upepo peke yake, endesha taratibu kilomita za mwanzo mpaka utelezi wa kiwandani utoke juu ya mpira, na baada ya kilomita 50 hadi 100 zikazwe tena.