Bisibisi ya kugonga na nyundo: nimeijaribu kwenye milango ya Corolla KE30

Gari la zamani likikaa pwani, kutu haiombi ruhusa. Corolla yangu ya Tanga ilihitaji vitasa vipya vya nje. Vitasa vyenyewe havisumbui: nati za namba 10 kwa ndani, soketi ya pembe sita, zinaachia. Kazi iko kwenye zile skrubu tatu za loki, ubavuni mwa mlango. Zisipotoka, loki haisogei, na mkono haupati pa kupita.

Ndipo nikanunua bisibisi ya kugonga pale Gerezani, Dar es Salaam, Sh 35,000, boksi la chuma na vichwa vyake, yaani ncha za kubadilisha zinazoingia kwenye skrubu. Ni chuma kinene, kizito, hakina umeme wala betri. Unageuza shingo kuchagua upande wa kufungua, unaikandamiza kwenye skrubu huku ukiikaza kushoto, kisha unaipiga nyundo ya kilo moja. Pigo lilelile linalozamisha kichwa ndani ya msalaba wa skrubu ndilo linalozungusha. Skrubu niliyoilowesha oili tangu jana yake ililia “tak!”, ikasogea kidogo sana, kutu nyekundu ikamwagika kwenye kizingiti. Baada ya hapo bisibisi ya kawaida ilimalizia. Usipige kwa woga. Pigo jepesi ndilo linalokula kichwa cha skrubu.

Mwili wa bisibisi hii naupa alama zote. Vichwa sivyo. Ni laini, na vimechongwa kwa msalaba wa Phillips, wakati skrubu za Kijapani zina msalaba wa JIS (kiwango cha viwanda cha Japani), mara nyingi utaona kidoti kidogo kichwani mwa skrubu. Kwa macho zinafanana, lakini Phillips haikai vizuri humo, inaruka na kuukwangua msalaba. Kilichonitoa ni kichwa cha JIS cha Vessel, Wajapani hao, nilichokiazima kwa fundi pikipiki. (Mafundi pikipiki wana vitu, tusiwadharau.)

Usiitumie bisibisi hii kwenye kitasa chenyewe. Vingi vya zamani ni zinki iliyopakwa kromu, pigo moja kinapasuka. Na moto wa gesi usiusogeze hapo, rangi na mpira wa mlango vitaondoka nao.

Ukienda kununua, weka skrubu ya gari lako mfukoni ujaribishie vichwa hapohapo kaunta. Muuzaji akinuna, vuka barabara, maduka ni mengi.